Kurasa Ambazo Hazikufika

Kila jioni, baada ya kusugua masufuria na kuwafungia kuku, Jenoveva alichukua daftari la marehemu baba yake na simu ya zamani aliyopewa na shangazi, akapanda kwenye mwamba ulio nyuma ya shule. Pale Bukima, mtandao wa intaneti ulishika juu ya mwamba huo tu.

Baba yake, Mwalimu Hezron, alikuwa akifundisha kwaya. Aliugua figo, akafariki, akaacha daftari lenye jalada la bluu na kurasa sitini za nyimbo alizotunga mwenyewe, nota juu, maneno chini, zote kwa kalamu ya wino. Wimbo wa mwisho alikuwa hajaufundisha. Aliomba uimbwe siku atakapozikwa, lakini muda wa kujifunza haukuwepo. Basi wanakwaya wakakubaliana wauimbe kwenye misa ya arobaini.

Shangazi Helena, ambaye ni karani mjini Musoma, alifungua folda kwenye hifadhi ya mtandaoni.

"Piga picha kila ukurasa, uweke humu," alimwelekeza. "Zikishafika, hata simu ikiibiwa, picha zipo. Mwalimu Samwel wa kwaya ya Nyegina atazifungua kulekule aliko, na wenzetu wa Bunda vilevile. Ila subiri uone tiki kwenye kila picha. Bila tiki, haijafika."

Siku tatu za kwanza Jenoveva alisubiri. Siku ya nne alipiga picha kurasa zote zilizobaki kwa mkupuo. Mtandao ulikuwa unasuasua, na kwenye kila picha kimshale kilizunguka tu. Rafiki yake Dorah, aliyemsindikiza, alichoka.

"We Jeni, unataka kuolewa na huu mwamba?" Dorah akamcheka. "Picha si hizo zinaonekana? Lete tuangalie vichekesho, bando litaisha bure."

Picha zilionekana kweli, lakini ndani ya simu. Wakaangalia vichekesho mpaka bando likakata.

Kesho yake shangazi alipiga. "Zimefika zote, mama?"

Jenoveva aliangalia vidole vyake vya miguu. "Zote, shangazi. Nimeona tiki."

"Ahsante sana. Baba yako angefurahi."

Alitaka kwenda kumalizia, lakini kuomba bando jingine kungemfanya aulizwe la kwanza limekwenda wapi. Akarudisha daftari na simu sandukuni. Siku zikapita, na kwa kuwa wote waliamini zimefika, hakuna aliyefungua folda kuhesabu.

Alhamisi moja mchana, watoto wakiwa shuleni, upepo ulitoka ziwani na mvua kubwa, ukaezua mabati mawili ya chumba cha bibi yake Jenoveva, Bibi Marieta, aliyekuwa akiishi naye. Daftari na simu vilikuwa pamoja kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge vya bibi. Kifuniko cha sanduku kilikuwa hakifungi vizuri. Jenoveva alipolifungua, maji yalikuwa yamefika nusu. Wino ulikuwa umetawanyika, kurasa zimekuwa za bluu tupu. Simu haikuwaka. Waliiweka kwenye mchele siku mbili, ikapelekwa kwa fundi, fundi akatikisa kichwa.

Bibi alianika kurasa mojamoja kwenye kamba ya nguo, akizibana na vibanio.

"Tumshukuru Mungu wewe ulishazituma," alisema.

Jenoveva alishindwa kumpa kibanio kilichokuwa mkononi. "Bibi, sikuzituma zote. Nilimdanganya shangazi."

Bibi hakupiga kelele. Alibana ukurasa uliobaki, akaingia ndani, akakaa huko hadi saa ya chakula. Jenoveva alitamani angechapwa.

Jumamosi shangazi, aliyepelekewa habari na bibi, alikuja na Mwalimu Samwel. Akafungua picha alizokuwa amezipakua mjini kutoka kwenye folda, akahesabu. Kurasa ishirini na nane. Wimbo wa mwisho haukuwemo.

"Alipokuwa anautunga," Mwalimu Samwel aliuliza taratibu, "nani alikuwa karibu?"

"Si huyu hapa?" bibi akajibu. "Alikuwaga anamwimbia huyu wakimenya mihogo."

Jenoveva aliimba. Sauti ilimkatika mara mbili, akaanza upya. Mwalimu Samwel aliandika nota, akamwimbia naye, akafuta, akaandika tena. Ubeti wa kwanza ukapatikana. Wa pili na wa tatu Jenoveva hakuzijua, wala hakuna mwingine aliyezijua.

Walipanda mwambani wote. Shangazi akapiga picha ile karatasi, akampa Jenoveva simu. Kimshale kikazunguka muda mrefu. Hakuondoa macho mpaka tiki ilipotokea, kisha akamwomba Mwalimu Samwel aangalie kwenye simu yake.

"Imefika," akasema.

Kwenye misa ya arobaini kwaya iliimba ubeti mmoja, ikanyamaza. Watu walisubiri kidogo, wakidhani wimbo unaendelea. Kisha wakakaa.

Wakirudi nyumbani, bibi alimshika mkono.

"Daftari limeharibiwa na mvua, mama, si wewe. Lakini siku ulipoulizwa, daftari lilikuwa kavu. Ungesema hazijafika, tungepanda wote siku ileile. Kazi ikiwa haijaisha, sema haijaisha. Na kitu usichotaka kukipoteza, nakala yake iwe mahali pengine, si kwenye sanduku lilelile."

"Nimesikia, bibi."

"Haya." Wakatembea hatua kadhaa. "Ubeti ule ni mzuri. Nami nawaza tu, sijui kwenye wa pili baba yako alisema nini."