Hodi Moja

Mlango namba elfu nane na themanini ulikuwa mtupu asubuhi. Adhuhuri ukawa na mtu.

Donati, fundi wa kompyuta aliyetumwa kutoka Kibiti hadi zahanati ya kisiwa kimoja huko Mbwera, alijikuna upara. Simu hazikushika siku hiyo; ilibaki setilaiti ya zahanati. Programu yake ya kuita boti ya wagonjwa ilitaka mlango wa mtandao usio na mwenyewe, yaani namba ya kupitishia ujumbe ambayo programu nyingine haijaikalia, naye alikuwa ameifunza adabu: ipige hodi, kukiwa kimya, mlango u wazi, kukiitikiwa, kuna mpangaji. Neno "hodi" aliliandika yeye mwenyewe, akajiona mshairi.

"Boti imeitika?" Bi Ashura, mkunga, aliuliza kutoka chumba cha pili. "Huyu mgonjwa wangu Warda anatokwa damu, mwanangu."

"Bado kidogo, mama."

Akajaribu mlango mwingine. Kioo kikajibu: *karibu*. Mwingine: *karibu*. Akatafuta programu iliyokaa humo, asiione hata moja. Na hilo neno hakuwa ameliandika popote. Kisha harufu ya udi ikatoka kwenye matundu ya kompyuta, udi uliochanganyika na tope la mikoko, na feni yake ikaanza kupumua kama mtu aliyelala chali, ikivuta, ikitoa, huku *karibu* ikishuka kiooni mlango baada ya mlango, mpaka Donati, aliyekula chumvi ya mikoa kumi na mbili akijisifu kwamba haogopi kitu ila mama mkwe, akarudisha kiti nyuma hadi ukutani.

Bi Ashura alichungulia. Akanusa. Sauti ikamshuka.

"Umeipigisha hodi ngapi?"

"Moja kila mlango. Mashine haihitaji zaidi."

"Labda mashine za kwenu bara. Huku mtu hupiga tatu. Hodi moja ni ya majini wenyewe. Wamedhani mwenzao kaja."

"Sasa nifanyeje?"

"Piga tatu, wajue ni binadamu. Na usimtazame anayetoka."

Akaandika, macho sakafuni. Hodi. Hodi. Hodi. Feni ikakata pumzi. Kitu cha baridi kikampitia magotini.

Alipoinua macho, kiooni mlango ulikuwa wazi. Ujumbe ukaenda.

Boti ilifika na maji yakijaa. Warda akaondoka yu hai, Bi Ashura kamshika mkono. Donati akabaki peke yake akikunja nyaya, akijicheka: fundi mzima, kufundishwa kazi na mkunga.

Nyuma yake, mlangoni, sauti ya upole ikasema, "Hodi."

"Karibu," akaitika, kama alivyolelewa, kabla hajakumbuka kuhesabu.