Namba Iliyobaki Ubaoni

Vile vidude vya kuvaa masikioni havikuwa na waya. Waya ulikatika zamani, na kipande kilichobaki mama mshonaji alikifunga kwa mkono wake, kwa uzi mweusi, kwenye mguu wa meza ya redio, ili watoto wanaokuja makumbusho ya ndege wasijue. Kwa hiyo Jumamosi ile saa nne asubuhi, ukumbi umejaa, alipovivaa na kusikia mtu anakohoa humo ndani, alijiambia ni masikio tu, hajalala vizuri.

Familia yake ilikuwa ya maigizo. Kila mwisho wa wiki waliigiza habari za ndege za zamani katikati ya ndege zenyewe: mabawa ya turubai, barua zilizovushwa milima kwa injini moja. Kipande cha mwisho ndicho kilichowaliza watu. Rubani wa barua anapotelea mawinguni, na mwanamke wa redio, ndiye mama, mezani kwake, anamwita mara tatu: Saba-Nne, unanipata? Rubani anajibu kutoka ndani ya ndege, sauti inafifia, kisha kimya. Hapo mwanamke anainuka na kufuta namba ya ndege iliyoandikwa kwa chaki ubaoni. Kufuta maana yake safari imefungwa, ndege imetua au imekatiwa tamaa.

Miaka tisa rubani alikuwa mumewe. Ugonjwa ulimchukua mwaka jana, na sasa kitini pake alikaa binti yao wa miaka kumi na miwili, amevaa koti la baba lililopunguzwa mikono. Shemeji, mdogo wake marehemu, alibaki nyuma ya pazia akiungurumisha injini kwa mdomo na pipa.

Basi akaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kabla binti hajafungua kinywa, ndani ya vile vidude sauti ikasema polepole, na kikohozi kilekile cha kutangulia:

"Nakupata, fundi wangu."

Hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo.

Mkono ulifika ubaoni ukakataa. Akarudi akaketi. Watu wakapiga makofi, hawakujua kuna kilichobaki.

Tangu siku hiyo hakufuta tena. Shemeji alipouliza, akajibiwa kitambaa kimepotea. Naye kwa utani wake akasema siku hizi shemeji yake anapaka wanja kama anakwenda kuposwa, na mchumba mwenyewe ni meza. Mama alicheka akageuza uso. Kila onyesho sauti ilimjibu. Ilimkumbusha mvua ilivyovuja juu ya cherehani, ikamwimbia ule wimbo ambao mume alikuwa akiukosea maneno. Akawa anarudi nyumbani amejaa, kama mtu aliyetoka kula.

Aliyekonda ni binti.

Kwanza ilikuwa harufu. Mtunza makumbusho alinung'unika kwamba ndege ile inanuka petroli, na tangi lake limekauka tangu yeye hajaoa. Kisha mikono ya mtoto: alishuka kwenye ndege vidole vimekufa ganzi, na ukosi wa koti umelowa umande, humo humo ukumbini, jua likimulika madirishani. Nyumbani akawa haongei, anatazama dari tu. Na Jumapili ya sita, watu wamekwisha kutoka na shemeji anakunja pazia, mama alimkuta bado amekaa, ameshika usukani, na alipopanda ngazi amguse bega mtoto hakugeuka, alinong'ona tu, kila neno likitoka na mvuke kama pumzi ya mtu aliye juu sana kwenye baridi, na nyuma yake, mahali ambapo hata paka asingepenya, ngozi ya kiti ikalia na kubonyea taratibu, kama mtu mzito anayejiweka sawa:

"Mama, ananiambia nisogee. Nimesogea mpaka sina pa kukaa."

Mama alimng'oa pale akambeba mgongoni, mkubwa vile, mpaka kwa mganga. Mganga alikuwa ajuza anamenya viazi, na hakuacha kumenya wakati mama akieleza na kulia. Mama alipomaliza, ajuza akamwambia:

"Ubani ninao, lakini ukifukiza leo, Jumamosi atarudi. Wewe unamwita, halafu humfungii safari. Aende wapi?"

"Ni mume wangu, bibi."

"Lini amekwambia jambo usilolijua?"

Mama akayahesabu aliyoambiwa. Mvua, cherehani, wimbo: yote yalikuwa yake, yametoka kichwani mwake yakarudi masikioni. Ajuza akaeleza bila haraka kwamba jini wa namna hii hana sauti yake, huvaa kile unachokililia, na akishavaa hutaka mwili wa kukaa. Amuulize jambo analolijua mumewe peke yake. Kisha amalize kazi aliyoiacha.

Wakarudi jioni ile ile, mtunza akawafungulia. Binti alibaki mlangoni mikononi mwa baba yake mdogo. Mama akavaa vidude, akaita mara tatu. Kiti kitupu kikabonyea.

"Nakupata, fundi wangu."

"Siku ile hospitali," alisema, "nilitoka kuchota maji. Niliporudi ulikuwa umeshakwenda. Nesi aliona kwa mbali midomo yako inacheza. Ulisema nini?"

Petroli ikanuka mpaka macho yakamchonyota, na pangaboi la mbao puani mwa ndege likaanza kuzunguka pole pole, bila upepo. Kisha sauti ikasema inampenda, ikasema ilimsubiri, ikasema haikutaka kuondoka bila yeye, na ikaendelea hivyo kwa upole uleule na kikohozi kilekile, na hapo ndipo alipojua, maana maneno hayo aliyatunga yeye mwenyewe, moja moja, mwaka mzima, uso ameuzika kwenye mto.

"Hujui," akasema taratibu. "Na mimi sitajua."

Akainuka. Nyuma yake sauti ikaanza kulia, na haikulia kama mumewe, ililia kama alivyolia yeye siku ya mazishi. Akashika upindo wa gauni akafuta saba. Akasimama kidogo, akafuta nne.

Pangaboi likasimama. Harufu ikakatika. Mlangoni binti akapiga chafya, akasema ana njaa.

Usiku alikula sahani mbili, mikono imepata moto. Mama alikaa kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, hashoni kitu. Mtoto akaja akasimama karibu.

"Mama, mimi siku ile hospitali nilikuwa chini ya kitanda. Nilijificha nisirudishwe nyumbani. Nilimsikia."

"Na hukuniambia?"

"Niliogopa utalia."

Mama akaushusha mguu kutoka kwenye pedali.

"Aliuliza kama umekula."

Mama akaitazama sindano. Siku ile hakuwa ametia kitu mdomoni tangu alfajiri.