Kompaila ya Pasiansi

Harufu ya samaki waliooza ilianza mchana kweupe, katika ofisi ndogo ya Odeta na mdogo wake Obedi pale mtaa wa Pasiansi. Ndani hapakuwa na samaki. Kazi yao ilikuwa kuchukua programu huria, zile ambazo maandishi yake yako wazi kwa kila mtu, na kuzipitisha kwenye kompaila, chombo kinachogeuza maandishi kuwa lugha ya mashine. Kila programu ilipokamilika, uvundo ulitoka kwenye kompyuta, na Obedi akatapika.

Alitapika nywele! Ndefu, zenye utelezi, zimeshikamana na magamba. Odeta alizizoa huku amegeuza uso. Hata kusimulia tu kunanitia kichefuchefu.

Siku Obedi aliposhindwa kusimama, Odeta alimwita mganga Kashindye kutoka Kiseke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Kashindye aliziba pua kwa khanga. "Jini hili halikai kwa kijana. Linakaa kwenye kinachozaa hivyo vitu vyenu."

"Ni kompaila, mama," Odeta alinong'ona.

"Itupeni. Vyote vilivyopita humo vitengenezeni upya kwa nyingine, isiyogusana na hiyo. La sivyo, huyu atatapika matumbo."

Odeta aliijua kompaila nyingine, iliyoandikwa na watu wengine kabisa. Akapakua maandishi yake, akaijenga kuwa programu, akaifuta ile ya zamani, kisha akaanza kujenga upya programu zote, moja baada ya nyingine, kompyuta ikivuma, Obedi ameegemea ukuta na beseni mapajani, mate yakimchuruzika, wote wawili wakinusa hewa kwa hofu kila kazi moja ilipokwisha, mpaka ya mwisho ikaisha na uvundo haukuja.

Obedi akaomba uji. Odeta alilia kwa furaha.

"Dada," Obedi alisema akiwa katikati ya bakuli, "kompaila nayo si programu? Hii mpya uliijenga kwa kutumia nini?"

Odeta aliitupia macho kompyuta.

"Kwa ile ya zamani," alisema. "Hatukuwa na nyingine. Basi nayo ilipita humo humo."

Obedi alifungua mdomo ajibu. Nyuma ya ulimi wake, kidole kilicholowa, chenye ukucha mrefu, kilishika meno ya chini kwa ndani, kikaanza kujivuta nje.