Jiwe la Saba la Thornley Mere

Harufu ndiyo iliyotangulia. Matope mabichi ya mtoni, jikoni kwa Enid Gathercole, mwanamke ambaye hata nzi hutua kwake kwa adabu.

"Percy, husikii harufu?"

"Naisikia keki yako tu, mke wangu. Acha kujitisha."

Alijua mengi huyo Percy, ila kichwa kigumu! Ndiye aliyeandika historia ya mji wetu wa Thornley Mere, na ndiye anayeongoza matembezi ya mpaka kila mwaka, siku arobaini baada ya Pasaka. Tunazunguka mji mzima na fimbo za mierebi, kila jiwe la mpaka tunalichapa mara tatu. Bibi zetu walisema ni ili kilicho nje kibaki nje. Percy aliyaita hayo porojo za wazee.

Mwaka huu, siku mbili kabla ya harufu ile, mvua ilitutwanga matembezini. Jiwe la saba liko nyuma ya bustani ya Percy mwenyewe, ndani ya upupu.

"Hilo nimelichapa kwa macho," akasema. "Twendeni, chai inapoa."

Tukacheka. Mungu atusamehe, tulicheka.

Wiki iliyofuata, saa kumi jioni, Percy alimkuta Enid ameandaa vikombe vitatu.

"Cha tatu cha nani?"

"Sshh! Cha mgeni," Enid alinong'ona. "Amelowa, maskini. Amesimama nje miaka mingi."

Percy akamshika mkono, nao ulikuwa baridi kama samaki, na pindo la gauni lake lilikuwa linadondosha maji meusi sakafuni, tone kwa tone, ingawa mvua haikuwa imenyesha tangu Jumapili, na kiti kitupu mbele ya kikombe cha tatu kikatoa mlio kwa uzito wa mtu anayejiweka sawa.

"Usiogope, mpenzi, nakuja!" Akachomoka na fimbo yake, akaukanyaga upupu, akalichapa jiwe. Ta! Ta! Ta!

Kimya. Ile harufu ya matope, iliyokuwa imemfuata hadi bustanini, ikakatika. Percy akapiga magoti, akalia kwa furaha.

Ndipo ukuta wa jiko ukajibu, kutokea ndani. Ta. Ta. Ta.

"Percy," Enid aliita dirishani, meno yakimgongana. "Mgeni anashukuru. Anasema alikuwa anaogopa utamtoa kwanza, ndipo ufunge mpaka. Sasa umemfungia humu ndani."

Komeo la mlango wa jiko likajisukuma lenyewe, likafunga.