Nilimtoa Rafiki Yangu Jicho kwa Ajili ya Mchezo wa Krismasi

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mmoja, mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Haya yalinipata miaka ya tisini, nikiwa kijana wa ishirini na mbili. Hata mke wangu hayajui yote...

Mimi na Kazungu tulisoma darasa moja. Mimi Mwislamu wa mjini, yeye Mgiriama Mkristo, lakini tulikula sahani moja. Yeye alibeba mizigo kwenye maghala ya Shimanzi. Mimi nilikuwa na chumba cha chini cha nyumba ya mama. Tukatia humo televisheni mbili na mashine za michezo ya video. Vijana wakajaa! Kitu kikiharibika, Kazungu ndiye aliyekitengeza.

Desemba moja nikaona dukani kaseti ya mchezo mpya. Kwenye boksi, Baba Krismasi anaruka juu ya mapaa yenye theluji, gunia mgongoni. Nikaitamani, nikainunua! Nikatundika kitambaa mlangoni: siku ya Krismasi, mchezo mpya, njooni nyote. Asubuhi ya siku hiyo Kazungu alinivuta kando aniambie jambo kuhusu kaseti ile. Nikamkatiza, asinitie mkosi.

Walikuja... toka Majengo, toka Tudor. Lo! Mchezo gani ule? Ukibonyeza aruke, mzee anaruka akishaanguka. Akifika paa la tatu, anatumbukia kwenye shimo lisiloonekana, amekufa! Kila mchezaji, pale pale.

Kwanza walicheka. Halafu wakatukana. Mmoja akadai mwenziwe kamsukuma mkono, akamtwanga kichwa puani. Damu! Chupa ya soda ikapasua kioo cha televisheni, viti vikaruka. Mama akashuka ngazi kuamua ugomvi, akasukumwa, akavunjika nyonga.

Kesho yake jirani yetu, Athmani, akaninong'oneza: "Nilimwona Kazungu wako akiifungua kaseti ile kwa bisibisi, kabla ya watu kuja. Kakubadilishia vya ndani, huyo. Vile vizima kauza."

Nikaamini! Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimetoka hospitali, mama analia kwa uchungu, nami nilitaka mtu wa kulaumu... asiwe mimi.

Nilimkuta Kazungu chumbani, mchana kweupe, akifagia vipande vya kioo. Nikashika komeo la chuma la mlango.

"Umeniibia nini kwenye kaseti yangu?"

"Saidi, ndugu yangu, nisikize. Niliijaribu nikaona mbovu, nikaifungua niitengeze tu..."

"Mwizi we!"

Nikampiga bega. Nikampiga mbavu. Hakurudisha hata pigo moja, na alikuwa na nguvu kunishinda! Aliinua mikono tu akilia, "Hunijui mimi, Saidi? Hunijui?" Pigo la tatu likampata jichoni... Akaanguka juu ya vioo vile, na bado nikampiga mateke, mpaka majirani waliponing'oa juu yake.

Jicho likapotea. Polisi wakanifungia, mjomba akanitoa kwa dhamana. Mnajua nilikwenda wapi kwanza? Dukani! Nipate ushahidi wa kumfunga Kazungu.

Mwenye duka, mzee wa Kihindi, akafungua boksi jipya mbele yangu, akachomeka kaseti. Paa la tatu... mzee akatumbukia pale pale!

"Zote ziko hivi, bwana," alisema. "Watu wananirudishia kila siku."



Kazungu alikataa kunishtaki. Nilikwenda kwao nikapiga magoti. Mamake alinipisha bila salamu. Kazungu, bandeji usoni, aliniambia, "Nimekusamehe. Lakini usije hapa tena." Maghalani hawakumtaka na jicho moja, akahama Mombasa, wala sijamwona tangu hapo. Mama alitembea kwa mkongojo hadi alipofariki, na hakuacha kuniuliza, "Kazungu yuwapi?"

Wasomaji wenzangu, nawasihi, msifuate njia yangu! Ukiletewa maneno juu ya mwenzio, na hasira ikakupanda, weka chini ulichokishika, umuulize, kisha umsikize mpaka amalize.

Mimi niliuliza... lakini jibu sikulingoja.