Ufa katika Kitanda cha Mtawa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima Majella, Loreta, fundi mwashi, alipotambaa kwa tumbo kuingia pango la Fossarella, akiburuta ndoo ya chokaa. Hakuna mlango mwingine. Mtawa aliyelichonga pango lile karne saba zilizopita alitaka kila mgeni, hata askofu, aingie kama mjusi.

Ndani mna kitanda cha mwamba. Mgonjwa hulala pale mara moja, akainuka mwepesi, maumivu yake kayaacha jiweni. Sabatino, baba yake Loreta, aliuacha pale ugonjwa wa mgongo mwaka aliozaliwa binti yake. Mpaka leo kanyooka kama mnara wa kengele.

Sasa kitanda kilikuwa na ufa, na theluji ilikuwa inakuja usiku uleule. Barafu ikiingia, mwamba wote unapasuka.

"Jua likizama usiuguse," Bibi Pasqua, mshika ufunguo wa pango, alikuwa amemwonya. "Maumivu yaliyomo yatataka kurudi kwa wenyewe."

"Yakitoka, bibi, nitayapa koleo yanisaidie kazi."

Kiburi? Ndiyo. Lakini wewe ungeshakimbia, usibishe.

Loreta akatia mwiko wa kwanza wa chokaa.

Ufa ukavuta pumzi.

Hhhhh...

Ikamjia harufu ya jasho la homa, na kafuri.

"Mwanangu..." Sauti ya baba yake. Kutoka ndani ya jiwe. "Nipishe... nirudi nyumbani."

Nywele zikamsimama. Mkono haukusimama.

"Kwenu ni hapa."

"Nimechoka kulala..."

"Na yeye alichoka kuinama. Tulia!"

Ndipo maumivu yote yakaanza. Ya meno, ya viuno, ya kuzaa. Nipishe... nipishe... Chokaa ikasukumwa nje. Akairudisha kwa viganja, kwa viwiko, akitukana kama mchunga kondoo. Likabaki tundu la kidole gumba, na ndoo tupu. Akaweka kijiwe, akakishindilia kwa goti la kushoto.

Kimya.

Kisha kitu cha baridi kikatoka jiweni, kikampanda gotini hadi mfupani.

Asubuhi, theluji imetanda, Sabatino alikuwa uwanjani kanyooka vilevile, pipa la divai begani. Loreta akatokea akichechemea: hatua mbili fupi, mguu wa kushoto ukiburutwa, kisha kiruko kidogo.

Bibi Pasqua akashika ukuta.

"Mwendo huo umeutoa wapi?"

"Goti tu, bibi."

"Huo mwendo wa Panfilo. Mume wangu. Maumivu ya goti aliyaacha pangoni. Mwaka wa arobaini huu tangu nimzike."

Watu wakapiga ishara ya msalaba. Bibi Pasqua hakupiga. Alisogea, akanong'ona, macho kwenye goti:

"Mlete ndani, mjukuu wangu. Hata kidogo tu. Kiti chake bado kipo."

Mguu wa kushoto ukageuka wenyewe, ukaelekea mlangoni kwa bibi.

Loreta akaukanyaga kwa wa kulia, kwa nguvu, mpaka machozi yakamtoka.

"Mguu ni wangu, bibi," akasema. "Na leo unapanda mlima kutengeneza paa."