Maharagwe Yasiyochaguliwa

Kwa jina la Mola aliyejiharamishia dhuluma nauanza mkasa huu. Watu wake ni hawa: marehemu, aliyekuwa fundi cherehani; mumewe, aliyewahubiria maelfu kwa simu habari za mke mtiifu, akishika nusu ya maneno ya kitabu na kuiacha nusu yenye huruma, hata wafuasi wake wakambandika jina la Bwana Nasaha; mama mzazi wa huyo mume; binti yao wa miaka saba; na inspekta wa kike, aliyeitwa saa sita mchana.

Marehemu alilala kwenye sakafu ya jikoni, kisogo kimepasuka. Juu ya jiko la gesi sufuria ilitokota.

"Aliteleza," alisema Bwana Nasaha. "Alikuwa akipika tangu alfajiri. Mimi jikoni siingii. Hata kibiriti sijui kinakaa wapi. Alasiri tuzike, kisha nisafiri na mwanangu."

Daktari wa polisi akainuka. "Majeraha mawili, afande. Kifaa butu."

"Anayeteleza huanguka mara ngapi, bwana?" aliuliza inspekta.

Bwana Nasaha akatazama saa yake.

Inspekta akafunua sufuria, akachota maharagwe kwa mwiko. Akabonyeza punje moja: ngumu kama kokoto. Ya pili ilikuwa kokoto kweli.

Akamgeukia bibi, aliyesimama mlangoni amemkumbatia mjukuu. "Mama, mkazamwanao alipika hivi?"

"Mama, angalia unachosema!" alifoka mwana. "Mwanamume ndiye kichwa cha nyumba!"

"Kichwa gani kisichojua kuwa maharagwe huchaguliwa?" alijibu bibi. "Afande, marehemu alikuwa akiyachagua punje kwa punje na kuyaloweka tangu jana yake. Haya yametiwa na mtu aliyezoea kutazama upishi kutoka mlangoni. Nimemlea mimi, kikombe chake nilikiosha hadi siku ya harusi yake. Mkewe alipokuja kwangu na macho yamevimba, nilimwambia avumilie, ndiyo ndoa. Leo sivumilii!"

"Mama, mimi ni mwanao!"

"Na huyu alikuwa wa mwenzangu."

Mchi ulipatikana ndani ya pipa la maji, damu ingali kwenye ufa wake.

"Hata kuosha hujui," alisema inspekta.

Bwana Nasaha akaketi chini. "Nilitaka arekodi nami, awaambie wanawake kwamba kipigo cha mume ni mapenzi. Akasema, 'Washa kamera, niwaonyeshe mgongo wangu.' Wafuasi wangu wangenionaje? Nikampiga. Kisha nikabandika sufuria, aonekane amefia kazini kwake."

"Kazi yake ilikuwa cherehani," alisema bibi.

Pingu zikafungwa. Bibi hakumtazama, alikwenda akazima jiko.

Ewe Mola, mrehemu fundi yule. Nao waliobaki, bibi na mjukuu, wape riziki na usingizi usio na hofu. Na umpe bibi umri wa kumfunza mtoto mapema lile neno alilochelewa kulisema. Amina.